Kushusha Injini ya Gari la Zamani Nyumbani: Tuilinde Familia

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia uani, mahali ambapo baba na vijana wake wameegesha gari la zamani chini ya mwembe wakitaka kuishusha injini.

Kwa mfano tumechukua Datsun 240Z, gari dogo la mbio lililotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1969 hadi 1973. Wazee wengi wa Afrika Mashariki wanalikumbuka. Ndilo lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Yaliyobaki hutunzwa na wapenzi wake, na kazi nyingi hufanyika nyumbani. Mtu mvumilivu mwenye spana nzuri anaiweza kazi hii. Tunachotaka kusema ni kwamba hatari zake hazimwishii fundi peke yake. Nyingine huingia hadi jikoni, na nyingine humfikia mtoto aliyekuwa akicheza tu.

Uzito

Injini ya gari hili ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ikitoka pamoja na giaboksi, uzito wake ni karibu kilo 200, sawa na magunia mawili ya mahindi yakining'inia hewani. Kwa hiyo tawi la mwembe si mahali pa kufunga mnyororo, wala boriti ya paa. Tawi linaweza kuonekana zima kumbe limeoza ndani. Afadhali kukodi winchi ya mnyororo na fremu ya chuma kutoka gereji.

Gari likiinuliwa, lisimamishwe juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu, na tofali hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Injini ikiwa inaning'inia, mtu asiweke mkono, mguu wala kichwa chini yake, hata kwa kitambo kidogo cha kuokota nati. Ikishatoka, ishushwe chini mara moja. Watoto wakae mbali tangu mwanzo hadi mwisho.

Majimaji

Kabla ya kulegeza bolti za injini, waya wa betri hutolewa, kisha majimaji yote humwagwa katika vyombo. Rejeta ifunguliwe ikiwa imepoa, maana maji yake ya moto huruka na kuunguza uso. Mafuta ya giaboksi nayo yatolewe mapema. Injini ikiinamishwa ili ipite, mafuta hayo hutokea nyuma, na sakafu yenye utelezi huwaangusha watu wakati wameshika mzigo.

Petroli isinyonywe kwa mdomo kupitia mpira. Tone dogo likiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya wa mapafu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini mpaka ulipo moto. Kwa hiyo jiko la mkaa na sigara viwe mbali.

Linalotutia hofu zaidi ni dawa ya rangi inayotiwa katika maji ya rejeta, ambayo wengi huiita kulanti. Ina ladha tamu, na aina nyingi zina sumu inayoharibu figo. Katika nyumba zetu chupa tupu ya soda haitupwi, na fundi huijaza chochote. Mtoto mwenye kiu akiiona chupa hiyo atajua ni soda. Tafadhali, majimaji ya gari yasiwekwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Yatiwe katika dumu lililoandikwa SUMU, lenye kifuniko, na kufungiwa stoo. Mbwa na mbuzi nao huyanywa.

Vumbi na mafuta machafu

Injini ikitenganishwa na giaboksi, klachi huonekana ikiwa na vumbi jeusi. Klachi na breki za magari ya miaka ile nyingi zilikuwa na asbesto, ile iliyotumika pia katika mapaa ya zamani. Nyuzi zake zikivutwa hukaa mapafuni, na saratani inaweza kutokea baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Vumbi hili lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Liloweshwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kifungwe katika mfuko wa plastiki. Baba abadili nguo kabla ya kumpakata mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Oili iliyotumika ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeishika miaka mingi. Mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli. Oili hiyo isimwagwe karibu na kisima au bustani. Ipelekwe gereji wanakoikusanya.

Ajali ikitokea

Mtoto akinywa kulanti, apelekwe hospitali mara moja hata akionekana mzima, kwani dalili huchelewa. Chukueni na dumu lenyewe.

Aliyekunywa petroli asitapishwe, na maziwa si dawa yake. Naye apelekwe hospitali.

Maji ya betri yakiingia machoni, yaoshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 20, kisha mgonjwa aende hospitali.

Mtu akibanwa, inueni mzigo, msimvute yeye. Damu ikitoka, bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia mpaka mfike hospitali.

Kazi hii haina haraka. Gari lililongoja miaka 50 linaweza kungoja Jumamosi nyingine, mpaka winchi ipatikane na chupa zote za soda ziwe zimeondolewa uani.