Uholanzi, Nchi Iliyo Chini ya Bahari

Mahali, ukubwa na watu

Uholanzi iko kaskazini-magharibi mwa Ulaya. Mashariki inapakana na Ujerumani, kusini na Ubelgiji. Magharibi na kaskazini ni Bahari ya Kaskazini. Ukubwa wake, pamoja na maji ya ndani, ni kilomita za mraba zipatazo 41,500. Mkoa wa Morogoro peke yake unaipita mbali, lakini wakazi wa Uholanzi ni kama milioni 18. Mikoa ni 12, fedha ni yuro, lugha ni Kiholanzi. Mji mkuu ni Amsterdam, ingawa bunge na serikali viko The Hague. Milima hakuna. Kilele cha Vaalserberg, kirefu kuliko vyote katika Uholanzi ya Ulaya, kina mita 322. Mtu wa Lushoto angekidhani bonde.

Takwimu nyingine zimo vitabuni, azitakaye atazikuta. Moja tu ndiyo iliyoninyima usingizi: karibu robo ya nchi hii iko chini ya usawa wa bahari. Sehemu ya chini kabisa, si mbali na Rotterdam, iko karibu mita 7 chini. Watu wanalala huko, wanafuga huko, wanapeleka watoto shule.

Safari na mambo ya kuona

Tulitoka Köln, Ujerumani, tunakosoma, Ijumaa baada ya vipindi, kwa basi: Watanzania wawili, Mkenya wa Mombasa na Mghana. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinatosha, maana nchi zote mbili zimo katika mkataba wa Schengen. Wenzangu walikuwa na orodha yao: makumbusho ya Van Gogh, chipsi za mayonezi, picha kando ya mifereji. Tulivitimiza vyote. Van Gogh ni mchoraji mkubwa. Chipsi ni nzuri, ila pilipili hawaijui. Baiskeli ni nyingi na zina haraka. Mgeni aangalie anapokanyaga.

Mwenyeji wetu alikuwa dada wa Kitanzania anayesoma uhandisi wa maji mjini Delft, katika taasisi ambayo tangu 1957 inafundisha wataalamu kutoka nchi kama zetu. Yeye ndiye aliyeniharibia wikiendi, kwa sababu baada ya kumsikiliza sikuweza tena kutazama kitu kingine.

Amsterdam yote, alisema, imesimama juu ya matope. Chini ya zile nyumba nyembamba za matofali zimekitwa nguzo za miti mpaka kwenye tabaka la mchanga mgumu. Kasri la mfalme katika uwanja wa Dam, lililojengwa karne ya 17 likiwa jumba la baraza la jiji, lina nguzo 13,659 chini yake. Stesheni kuu ya treni, iliyofunguliwa 1889, iko juu ya visiwa vilivyotengenezwa na watu. Mti uliozama kabisa majini hauozi upesi, kwa kuwa kuvu huhitaji hewa. Maji yakishuka, vichwa vya nguzo vikapata hewa, nyumba huanza kuinama. Yakipanda, yanaingia sebuleni. Kwa hiyo mifereji ya jiji hushikiliwa katika kimo kimoja, sentimita 40 chini ya sifuri, masika na kiangazi.

"Sifuri ya wapi?" nikauliza.

"Twende nikuonyeshe, kaka."

Alitupeleka kwenye jengo ambalo nusu ni ofisi za jiji na nusu ni ukumbi wa opera. Humo kuna kifundo cha shaba kinachoonyesha sifuri yenyewe, ambayo Waholanzi huiita NAP. Asili yake ni miaka ya 1680, meya Johannes Hudde alipoagiza mawe ya alama yawekwe kwenye malango ya maji ya jiji. Leo vimo vyote vya nchi hupimwa kutoka hapo, na nchi nyingi za Ulaya zimekifuata kipimo hicho. Karibu nacho kuna nguzo tatu za vioo zenye maji. Katika mbili, maji hupanda na kushuka pamoja na bahari ya IJmuiden na Vlissingen. Ya tatu haisogei: imejaa mpaka mita 4.55, kimo cha mafuriko ya 1 Februari 1953 yaliyoua watu 1,836 nchini humo. Ilibidi tuinue shingo kuona maji yanapoishia. Mkenya wetu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akilalamikia baridi, alinyamaza.

Historia

Waholanzi walipigana na Wahispania miaka 80, wakaunda kampuni ya biashara ya Mashariki ya Mbali mwaka 1602, wakaitawala Indonesia. Mghana aliniongezea ambalo vipeperushi vya watalii havikulisema: ngome ya Elmina, pwani ya kwao, ilikuwa mikononi mwa Waholanzi kuanzia 1637 hadi 1872, na watumwa walipitishwa humo. Utumwa katika makoloni yao ya Suriname na Karibi ulifutwa 1863. Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi 1 Julai 2023. Sehemu ya utajiri ulioweka nakshi kwenye nyumba za mifereji ilitoka huko, na msifiaji asisahau.

Uchumi

Bandari ya Rotterdam ni kubwa kuliko zote Ulaya. Maua, jibini na maziwa vinauzwa nje kwa wingi. Ng'ombe wa Friesian tunaowafuga Kilimanjaro na Arusha asili yao ni huku. Niliwaona kwao siku ya Jumapili, na hapo ndipo uchumi uliponitoka tena kichwani.

Tulikuwa Beemster, kaskazini ya Amsterdam. Beemster lilikuwa ziwa. Wafanyabiashara walichanga fedha, wakajenga tuta kulizunguka, wakachimba mfereji nje ya tuta, wakapanga vinu vya upepo vinyonye maji na kuyamwaga mferejini. Mwaka 1612 ziwa lilikuwa limekauka, likagawanywa mashamba ya mraba. Tulisimama juu ya tuta. Mkono wa kushoto mfereji umejaa, mashua imefungwa. Mkono wa kulia, chini sana kuliko mashua ile, ng'ombe wanakula majani. Ukitaka kupanda kutoka shambani kwenda kwenye maji, unapanda kweli.

Na kazi haina mwisho. Udongo wa huko, hasa ule wa mboji, ukikaushwa hunywea na kudidimia. Ukididimia maji hurudi. Maji yakirudi unapampu zaidi, na udongo unadidimia zaidi. Vinu vya upepo vilifuatwa na injini za mvuke, mvuke ukafuatwa na dizeli na umeme. Pampu zikizimwa, sehemu kubwa ya nchi hiyo itarudia hali yake ya ziwa bila kelele yoyote.

Serikali

Ni ufalme wenye bunge la mabaraza mawili. Lakini baraza lililonishika ni lingine. Uholanzi ina mabaraza ya maji 21, na wakazi huyapigia kura kila baada ya miaka minne, kama tunavyomchagua diwani. Yana kodi yake yenyewe: kila kaya hupelekewa ankara. Yalianza katika karne ya 13, kabla nchi haijawa nchi. Wanakijiji waliona kwamba tuta halina faida likiwa zima kwako na bovu kwa jirani, wakakubaliana kila mwenye shamba atunze kipande chake, na wakaguzi wapite. Aliyeshindwa alichomeka koleo lake kwenye tuta akaondoka. Aliyeling'oa alichukua shamba pamoja na mzigo wake.

Baada ya 1953 serikali kuu ilijenga makubwa: malango ya Oosterschelde yaliyofunguliwa 1986, na yale ya Maeslant karibu na Rotterdam, 1997, yanayojifunga bahari ikichafuka. Watalii hupelekwa huko. Mimi nilivutiwa zaidi na yule mtu wa baraza asiyejulikana, ambaye kazi yake ni kuhakikisha mtaro haujaziba.

Nasi je?

Dar es Salaam haiko chini ya bahari. Mungu ametupa mteremko bure. Hata hivyo mvua ikishika, barabara ya Jangwani hufungwa na mto Msimbazi hupita juu yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na baadhi ya waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, na Uholanzi ni miongoni mwa wanaouchangia. Ni jambo jema. Lakini tuta la mkopo na msaada litatunzwa na nani mwaka wa kumi?

Tunazo bodi za maji za mabonde, tisa nchini, na Msimbazi umo katika bonde la Wami/Ruvu. Nani kati yetu amewahi kupigia kura mjumbe wake? Mtaro wa mtaani huzibuliwa siku mgeni rasmi anapokuja, kisha hurudi kuwa jalala, na sisi wenyewe ndio tunaotupa. Halafu tunailaumu mvua, ambayo imekuja mwezi uleule inaokuja kila mwaka.

Wale wanakijiji wa karne ya 13 hawakuwa na pampu, hawakuwa na wahandisi, wala mfadhili. Walikuwa na daftari la nani anatunza kipande kipi. Daftari halihitaji mkopo. Kila mtaa uchague watu wake watano wa mtaro, ulipe ada ndogo inayoonekana kwenye risiti, na kila Februari, kabla ya masika, uwaite wasimame mbele ya mkutano waeleze wamezibua wapi. Atakayekosa jibu aache koleo hapohapo, alichukue mwingine.