Macho ya Sungura Si Macho ya Mbuzi

Siku hizi katika maboma mengi utakuta kizimba cha sungura kando ya zizi la ndama. Mara nyingi ni mali ya watoto. Wao ndio wanaomkatia nyasi, wao ndio wanaomjua kwa jina, na akizaa, vitoto vyake vikiuzwa hupatikana fedha ya madaftari. Sungura huyo akianza kutoa tongotongo, familia hufanya kile ilichozoea kumfanyia mbuzi: hufungua sanduku la dawa na kumtibu kwa kilichomo.

Kipeperushi hiki kimeandikwa kwa sababu hiyo. Dawa kadhaa zinazomponya mbuzi humuua sungura. Tena, jicho la sungura likiumwa, mara nyingi chanzo hakiko kwenye jicho. Ukilisafisha jicho na kuacha chanzo, ugonjwa utarudi baada ya wiki moja au mbili.

Tofauti iko wapi?

Ng'ombe na mbuzi hupata ugonjwa wa macho hasa wakati wa vumbi na nzi. Nzi hubeba vijidudu kutoka jicho la mnyama mmoja hadi la mwingine, na kwa muda mfupi nusu ya kundi linatoa machozi. Ugonjwa wenyewe uko jichoni, na dawa ya jicho inatosha.

Kwa sungura ni tofauti. Kila jicho lake lina tundu moja tu la kupitisha machozi, lililo kwenye kope ya chini. Kutoka hapo machozi hushuka puani kwa mfereji mwembamba wenye kona, unaopita karibu sana na mizizi ya meno. Meno ya sungura, ya mbele na magego, hayaachi kukua maisha yake yote. Meno ya mbele hukua karibu milimita 2 kila wiki. Kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi. Sungura asiyetafuna nyasi za kutosha meno yake hurefuka, na mizizi husukuma kuelekea juu na kuubana mfereji huo. Machozi yanakosa njia, yanafurika usoni, kisha vijidudu vinaingia na usaha unaanza.

Kwa hiyo ukiona jicho la sungura linatoa maji, usiishie kuuliza kuna nini jichoni. Uliza pia kuhusu meno, pua, masikio na banda lake.

Mchunguze hivi

Mfunge sungura kwa shuka au kanga, kichwa kibaki nje. Usimbebe kwa masikio. Mshike kifuani kwa mkono mmoja na mkono wa pili ubebe makalio, maana akirusha miguu kwa nguvu anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Kisha angalia mambo haya:

1. Ni jicho moja au yote mawili? Jicho moja huashiria jeraha, punje ya nyasi, au jino la upande huo. Macho yote mawili huashiria moshi, vumbi, mkojo bandani, au mafua.

2. Kinachotoka ni maji au usaha? Maji matupu huja na mwasho au mfereji ulioziba. Uji mzito mweupe au wa njano ni dalili kwamba vijidudu vimeshaingia.

3. Pua ikoje? Tazama manyoya ya ndani ya miguu ya mbele. Yakiwa yamelowa na kugandamana, sungura anajipangusa makamasi. Hayo ni mafua ya sungura, ugonjwa unaoambukiza wenzake. Mtenge leo hii.

4. Meno yakoje? Inua mdomo wa juu taratibu. Meno ya mbele yakutane vizuri, yasipinde wala kupishana. Papasa taya chini na pembeni. Uvimbe au nundu ni dalili ya jipu la jino. Sungura anayedondosha chakula au mwenye kidevu kilicholowa mate anaumwa meno.

5. Kuna magaga? Ukoko masikioni, puani na kuzunguka macho husababishwa na utitiri. Upele wa aina hii unaweza kuwawasha hata watu wanaomshika.

6. Anakula? Anatoa kinyesi? Sungura huficha maumivu. Aliyekaa asubuhi hadi jioni bila kula wala kutoa kinyesi yuko hatarini hata kama jicho linaonekana dogo kwa tatizo.

Dawa za kuacha kwenye sanduku

Sungura humeng'enya nyasi kwa msaada wa vijidudu vizuri vilivyo tumboni mwake, kama ng'ombe na mbuzi. Lakini vya kwake vinavurugika kwa urahisi sana. Dawa za jamii ya penisilini zikifika tumboni huua vijidudu vizuri, na vile vibaya hubaki vikiongezeka na kutoa sumu. Sungura huacha kula, huharisha, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Watu wakamlilia jicho, kumbe aliyemuua ni dawa.

Kwa hiyo:

• Usimpe kwa mdomo penisilini, ampisilini, amoksilini wala kloksasilini, hata vidonge vilivyobaki vya binadamu.

• Usimkamulie jichoni tyubu ya kutibu kiwele cha ng'ombe. Nyingi zina dawa za jamii hiyo, na sungura hujipangusa uso kwa miguu kisha huilamba miguu. Kilichopakwa jichoni huishia tumboni.

• Usimchome sindano ya mbuzi ya penisilini na streptomaisini kwa kukadiria, wala usidondoshee jichoni dawa yoyote ya sindano.

• Usitumie dawa ya macho iliyochanganywa na deksamethasoni au haidrokotisoni bila mtaalamu kuliangalia jicho. Kama jicho lina kidonda, dawa hizo huzuia kidonda kupona na jicho linaweza kupasuka.

• Usimwogeshe kwa dawa ya kupe. Atailamba.

• Usipulize jichoni chumvi ya unga, sukari, tumbaku wala majani yaliyotafunwa. Vinakwaruza na kuunguza jicho lililokwisha kuumia.

Unachoweza kufanya nyumbani

Chemsha nusu lita ya maji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, koroga, acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Nawa mikono kwa sabuni. Chovya kitambaa safi kilichochemshwa, kiweke juu ya jicho mpaka tongotongo lilainike, kisha pangusa kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Usibandue tongotongo kavu kwa kucha. Kila jicho litumie kitambaa chake, na kila mara tumia kipya au kichemshe tena.

Jicho likiwa safi, tazama kama kuna punje ya nyasi au mchanga. Mwagilia maji hayo ya chumvi mengi mpaka uchafu utoke. Kilichochoma na kukwama usikivute. Mpeleke kwa mtaalamu.

Kama kuna usaha lakini jicho lenyewe bado linang'aa, dawa ya mafuta ya tetrasaiklini ya macho ya asilimia 1 hufaa kwa sungura. Vuta kope ya chini, weka kiasi cha punje ya mchele bila ncha ya tyubu kugusa jicho, kisha mshike dakika chache dawa ienee kabla hajaifuta. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Endelea siku 2 baada ya usaha kukoma. Kama siku ya tatu hakuna nafuu yoyote, usibadili dawa kwa kubahatisha. Mwite afisa mifugo.

Tyubu ya sungura iwe ya sungura tu. Ile mliyopewa zahanati kwa macho ya mtoto isitumike kwa mnyama, wala ya mnyama isirudi kwa mtoto. Mtoto anayemhudumia sungura mgonjwa anawe mikono kabla ya kujigusa uso au kushika mwingine.

Vitoto vya sungura

Vitoto huzaliwa macho yamefumba na huyafungua kati ya siku ya 10 na ya 12. Kichungulie kiota kila siku. Ukiona kope imevimba na usaha uko ndani, au siku ya 13 imefika na jicho bado limegandamana, lainisha kwa maji ya chumvi vuguvugu na ufungue kope taratibu kwa kidole. Usilazimishe. Usaha uliofungiwa ndani huharibu jicho kabla kitoto hakijawahi kuona. Kisha badilisha nyasi za kiota, maana uchafu umetoka humo.

Tibu chanzo

*Nyasi.* Hili ndilo kubwa, na mfugaji hahitaji kulinunua. Sungura apate nyasi wakati wote, usiku na mchana. Kwa siku moja mpe rundo la nyasi kavu lisilopungua ukubwa wa mwili wake. Tatizo huja kiangazi, nyasi zinapopungua na sungura akaanza kulishwa pumba, makombo ya ugali na unga. Vyakula hivyo humshibisha lakini havisagi meno. Wakati wa mvua, watoto wakate nyasi wazikaushe kivulini na kuzifunga mafungu, kama mnavyotunza malisho ya ndama. Ondoa zenye miiba, masuke makali na vishona nguo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyochoma macho.

Meno yakiwa tayari yamerefuka, usiyakate kwa koleo. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi, na hapo ndipo jipu huanzia. Kazi hiyo ni ya mtaalamu.

*Mkojo.* Inama mpaka pua yako ifike usawa wa pua ya sungura, kisha vuta hewa. Kama macho yako yanawasha, yake yanawasha usiku kucha. Toa nyasi zilizolowa kila siku, na angalau mara 2 kwa wiki ondoa zote na kuweka kavu.

*Moshi na vumbi.* Kizimba kisikae ndani ya nyumba karibu na mafiga, wala kwenye njia ya ng'ombe wanaporudi jioni. Kiweke kivulini, kizibwe upande unaotoka upepo na kiachwe wazi upande wa pili.

*Mnyaa.* Maboma mengi yamezungushiwa ua wa mnyaa. Utomvu wake mweupe huunguza jicho la mnyama na la mtu pia, na unaweza kulipofusha. Usijenge kizimba kwa matawi yake wala kukiegemeza hapo. Utomvu ukiingia jichoni, mwagilia maji safi mengi papo hapo kwa robo saa, kisha tafuta msaada.

*Utitiri.* Dawa yake ipo, ivermektini, ile ile mnayotumia kwa mbuzi. Hatari iko kwenye kipimo. Kwa dawa ya asilimia 1, mbuzi wa kilo 25 huchomwa nusu mililita chini ya ngozi. Sungura wa kilo 2 na nusu anahitaji sehemu moja tu ya kumi ya hiyo, yaani mililita 0.05. Bomba la kawaida la mifugo haliwezi kupima kiasi hicho. Mwache afisa mifugo ampime uzito na kumchoma.

Usisubiri, mwite mtaalamu leo, ikiwa:

• jicho limekuwa jeupe au la bluu, au lina doa;

• jicho limetokeza nje kuliko la upande wa pili, au taya lina uvimbe;

• kichwa kimeinama upande mmoja;

• anapumua kwa shida au kwa sauti;

• hajala tangu asubuhi;

• sungura zaidi ya mmoja wanaumwa kwa pamoja.

Jipu la sungura usilitumbue kama la mbuzi. Usaha wake ni mzito kama samli iliyoganda. Hautoki kwa kukamua, na ukilitoboa unaueneza ndani.

Sungura aliyepewa dawa asichinjwe wala kuuzwa kwa ajili ya nyama mpaka siku alizotaja mtaalamu ziishe. Hata kama kwenu sungura si kitoweo, anayenunua huenda anakula.

Bandikeni ukurasa huu karibu na sanduku la dawa, na mwenye kusoma awasomee wengine, hasa watoto wenye sungura. Kabla ya kumtia sungura dawa yoyote iliyonunuliwa kwa ajili ya mbuzi au ng'ombe, muulize kwanza afisa mifugo wa kata yako. Ukienda kwake, mchukue sungura na chupa ya dawa unayotaka kutumia, ili aone vyote viwili.