Je, Wajua? Kura tatu kwa mkupuo

Septemba 1958, mpiga kura wa Jimbo la Tanga nchini Tanganyika, Handeni na Korogwe zikiwamo, hakuruhusiwa kuchagua mtu mmoja tu. Alilazimika kuchagua watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ukimruka mmoja, karatasi nzima imeharibika! Mpango huo uliwapunja Waafrika, waliokuwa wengi mno. TANU, chama kilichopigania uhuru, ikageuza kibao: ikaunga mkono Wazungu na Waasia waliokuwa marafiki zake.

Mwaka 1965 Tanzania Bara chama kilikuwa kimoja, TANU, na wagombea wa ubunge jimboni wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Upinzani haukuwapo, lakini hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa.

Leo Rais wa Tanzania hushinda kwa kuwazidi wenzake tu, hata asipofikisha nusu ya kura. Gharama ya duru ya pili haipo. Kenya ni shughuli pevu: zaidi ya nusu ya kura, pamoja na asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47.

Na kwa Tanzania, mgombea wako wa ubunge akibwagwa jimboni? Kura yako bado inahesabika kwenye viti maalumu vya wanawake, mradi chama chake kimepata angalau asilimia 5 ya kura za wabunge nchini.