Naibu Meya na ombi la wana wa Zebedayo

Msomaji mpendwa, Dominika hii nakuomba tumfikirie kiongozi ambaye mara nyingi hatumfikirii. Diwani wako unamjua. Mwenyekiti wa Halmashauri, au Mstahiki Meya kama unaishi mjini, huenda unamjua pia, kwa sababu huvaa joho na mkufu na picha yake hutoka gazetini. Sasa nikuulize: makamu wake ni nani? Wengi wetu tutakuna kichwa.

Tuanzie Kwamkoro, juu katika Usambara Mashariki, kwenye mashamba ya chai na misitu ya Amani. Maji yanayotoka katika misitu ile huingia Mto Zigi, huteremka hadi bwawa la Mabayani, na mwisho hufunguliwa bombani katika Jiji la Tanga. Watu wa mlimani na watu wa pwani wanakunywa maji ya mlima mmoja, lakini wana mabaraza mawili. Kwamkoro iko Wilaya ya Muheza, na baraza la madiwani la huko huongozwa na Mwenyekiti na Makamu Mwenyekiti. Tanga, iliyopata hadhi ya jiji mwaka 2005, ina Meya na Naibu Meya. Majina ya vyeo yanatofautiana, na sheria zake ni mbili, Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, lakini yule wa pili ana kazi ile ile huku na kule.

Hebu tuitazame kazi hiyo. Naibu huchaguliwa na madiwani wenzake kutoka miongoni mwao. Anabaki kuwa diwani mwenye kata yake na wapiga kura wake. Meya asipokuwepo, yeye ndiye hukalia kiti na kuongoza kikao. Lakini angalia tofauti moja kubwa. Meya akishachaguliwa hutazamia kukaa miaka mitano, umri wa baraza zima. Naibu hupewa mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha, hurudi mbele ya wenzake kuomba kura upya. Wanaweza kumrudisha, na wanaweza kumweka mwingine.

Mwaka mmoja ni mfupi. Mkulima wa iliki au karafuu huko Amani anajua kwamba mche hauzai mwaka ule ule unaopandwa. Kwa hiyo naibu ana njia mbili mbele yake. Anaweza kuutumia mwaka wake kutumikia, akijua kwamba matunda huenda yakavunwa na atakayemfuata. Au anaweza kuutumia kujipanga: kuhesabu kura, kugawa ahadi, kunong'ona korido kwamba mkubwa ameshindwa kazi. Hiyo ya pili ndiyo inayoleta makundi ndani ya mabaraza yetu, na makundi yakishaingia, ajenda ya zahanati na ya barabara huahirishwa kikao baada ya kikao.

Wala tusidhani kwamba tamaa ya viti vya halmashauri ni jambo dogo. Tarehe 5 Januari 2011 pale Arusha, watu walipoteza maisha katika vurugu zilizotokana na mgogoro wa kumpata Meya. Watu walioondoka nyumbani asubuhi hawakurudi. Na wazee wa Usambara wanajua habari ya zamani zaidi. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ndugu wa ukoo mmoja waligombania kiti cha Vugha, na milima hii ikaingia katika miaka ya vita. Waliogombana walikuwa wachache. Waliochomewa nyumba na kuuzwa utumwani walikuwa wengi.

Sasa tufungue Injili ya Marko, sura ya 10, kuanzia aya ya 35. Yakobo na Yohane, wana wa Zebedayo, wanamwendea Yesu na ombi. Wanataka katika utukufu wake mmoja akae kulia na mwingine kushoto. Kwa kawaida tukisoma hapo tunasema walitaka ukubwa. Ni kweli, lakini soma vizuri. Kiti chenyewe hawakukiomba, kwa kuwa walijua kina mwenyewe. Waliomba viti viwili vinavyokifuata. Kwa lugha yetu ya leo, waliomba unaibu. Na wale kumi wengine waliposikia walikasirika, yaani kikundi cha watu kumi na wawili tu tayari kilikuwa na makundi mawili.

Yesu hakuwafukuza. Aliwauliza swali moja: mnaweza kunywa kikombe nitakachokunywa mimi? Kisha akawafundisha wote kwamba kwao mkubwa ni yule anayetumika. Endelea kusoma hadi sura ya 15, aya ya 27, utaona nani waliokuja kuwa kulia na kushoto kwake siku ile alipoinuliwa msalabani. Walikuwa wanyang'anyi wawili. Hicho ndicho kiti walichokuwa wakikiomba wana wa Zebedayo bila kujua. Kiti cha pili nacho kina kikombe chake.

Je, kikombe cha naibu katika halmashauri zetu ni kipi? Hapa kuna jambo ambalo waamini wengi hawalijui. Kwa utaratibu wetu, Naibu Meya, au Makamu Mwenyekiti katika wilaya, ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti UKIMWI ya halmashauri. Ndani yake wamo wawakilishi wa dini, Wakristo na Waislamu, wamo vijana, na wamo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kamati ya fedha iko kwa mkubwa. Huyu wa pili amekabidhiwa wagonjwa, wajane na yatima.

Mtu wa dunia hii atasema amepewa mabaki. Mimi nasema, mbele ya Injili, amepewa mahali pa heshima kuliko wote. Mfikirie mama anayechuma chai huko mlimani, naye anaishi na virusi. Kila anapokwenda kuchukua dawa anapoteza ujira wa siku. Mvua za masika zikishika, njia inateleza, na majirani wanaanza kuuliza kwa nini kila mara anateremka. Mama huyo hajali nani kavaa mkufu. Anachohitaji ni kwamba mahali fulani kuna kikao, na katika kikao hicho kuna mtu anayeuliza: dawa zinafikaje hadi kule juu? Naibu akiwa ameshughulika na hesabu za kura za mwaka ujao, swali hilo haliulizwi. Na lisipoulizwa, anayeumia ana jina na ana watoto.

Kanisa halimdharau mtu wa siasa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 75, unawasifu wanaojitoa kuitumikia jamii katika nyadhifa za umma. Na mtakatifu aliyewekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 2000 kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa ni Thomas More wa Uingereza. Tunamkumbuka kama Waziri Mkuu wa Sheria wa mfalme, aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa sababu ya dhamiri yake. Lakini safari yake ya uongozi ilipitia halmashauri. Mwaka 1510 alikuwa mmoja wa manaibu wa masherifu wa jiji la London, kazi ya kusikiliza kesi za wakazi wa kawaida. Rafiki yake Erasmus aliandika kwamba mara nyingi aliwasamehe wadai na wadaiwa ada walizopaswa kumlipa. Aliyekataa kuinama mbele ya mfalme alijizoeza haki katika unaibu, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimpigia makofi.

Nyumbani pia tunao mfano, na mwenyewe hakuwa Mkristo. Mwezi Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo. Desemba mwaka huo huo, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu alirudi akiwa Rais na Kawawa akawa Makamu wake. Fikiri kidogo. Mtu ameshika usukani wa nchi karibu mwaka mzima, kisha anasogea kiti cha pili, na anaendelea kutumika katika nafasi za chini ya mwenzake kwa miaka mingi. Ni wangapi kati yetu wangeweza kushika kiti, wakakirudisha, wakalala usingizi?

Lakini nisimwelemee naibu peke yake. Wako pia wakubwa wanaowaogopa manaibu wao. Hawawapi taarifa, hawawaachii kikao hata kimoja, na wanapougua huficha ugonjwa kuliko kumkabidhi mwenzao kazi. Musa hakufanya hivyo. Katika kitabu cha Hesabu 27:18-23, alimsimamisha Yoshua mbele ya kuhani na jumuiya yote, akaweka mikono yake juu yake angali hai, watu wote wakaona. Ndiyo maana Musa alipokufa, watu walilia, lakini safari haikukatika. Kiongozi anayemwandaa wa pili wake anawapenda watu watakaobaki baada yake.

Na sisi wa kanisani tusikae pembeni tukinyooshea kidole madiwani. Neno halmashauri liko pia parokiani: tuna Halmashauri ya Walei, na ndani yake yuko makamu mwenyekiti. Kila jumuiya ndogondogo ina makamu. Kila kwaya ina makamu. Ni mara ngapi tumeona makamu haji mkutanoni mpaka asikie mwenyekiti amesafiri? Ni mara ngapi mwenyekiti amehama na daftari la jumuiya likahama naye, kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuliona? Sisi mapadre nasi tumo. Paroko na msaidizi wake wasiposalimiana, waamini hujua kabla ya Dominika. Na Makamu wa Askofu, kwa sheria ya Kanisa, madaraka yake hukoma kiti cha askofu kinapokuwa wazi. Kanisa linamfundisha hivyo kwamba alichokishika ni amana. Waswahili wamesema cheo ni dhamana, na cheo cha pili ni dhamana mara mbili, kwa wananchi na kwa mwenzako.

Nakuomba mambo matatu wiki hii. Kwanza, ulijue jina la makamu mwenyekiti au naibu meya wa halmashauri yako, na umwombee kwa jina hilo. Pili, diwani wako akija katika mkutano wa hadhara, usiishie kuuliza habari ya barabara. Muulize pia kamati ya UKIMWI imekutana lini na imeamua nini, kwa sababu ndipo hapo utakapojua kama kiti cha pili kinafanya kazi. Tatu, kama wewe mwenyewe ni wa pili mahali popote, kazini, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, au nyumbani kwa baba yako ukiwa mdogo wa kaka yako, jiulize kama ungeifanya kazi yako vilevile ukiambiwa leo kwamba hutakuwa wa kwanza kamwe.

Ukiweza kujibu ndiyo, basi umeanza kunywa kikombe. Bwana atujalie viongozi wanaokubali kutumika, wa kwanza na wa pili, mlimani na pwani. Nawatakia Dominika njema.