Injini Yenye Njaa na Injini Iliyovimbiwa

Imani moja imeota mizizi katika vijiwe vya bodaboda vya nyanda zetu za juu, nayo ni kwamba pikipiki inayoshindwa na mlima sharti iongezewe petroli. Kwa imani hiyo fundi huifungua kabureta, akachomoa jeti, akapanua kitundu chake kwa waya, naye mwenye chombo hulipa na kwenda zake ameridhika. Haupiti muda kabla hajaanza kulalamika kwamba tangi linakauka upesi na plagi imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Rai yangu ni kwamba tiba hiyo aghalabu huwa kinyume cha ugonjwa, na kwamba katika jambo hili mwalimu wa fizikia ana neno la kusema kuliko muuza vipuri.

Petroli haiungui peke yake. Kila gramu moja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue ikamilike. Hewa ikizidi mno, injini hupata joto la kupindukia, hata pistoni huweza kuyeyuka. Petroli ikizidi, masizi hujaa, na ile isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, vyuma vikasagana vikavu. Sasa mtazame mwendeshaji wa Eldoret, mji ulio karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa anayoivuta injini yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha moja kwa tano. Kabureta ya kawaida, iliyopangwa kwa hewa nzito ya pwani, haina akili ya kulitambua hilo. Petroli inayofyonzwa kupitia jeti hupungua pia, lakini kwa kipimo kidogo zaidi, kwani hufuata kipeuo cha pili cha densiti ya hewa, si densiti yenyewe. Matokeo yake ni mchanganyiko uliozidi petroli kwa karibu asilimia 10. Hiyo ndiyo kanuni ya Bernoulli ambayo wanafunzi wetu huikariri kwa ajili ya mtihani, wakaisahau kabla wino haujakauka!

Basi anayepanua jeti mahali kama hapo anamlisha aliyevimbiwa. Isitoshe, hesabu yake humponyoka. Kitundu chenye kipenyo cha milimita 1.00 kikipanuliwa kikawa 1.10, jicho huona nyongeza ndogo, kumbe eneo lake limekua kwa asilimia 21. Mikwaruzo ya waya nayo haifutiki. Jeti hiyo haina budi kutupwa.

Ni njia ipi basi ya kuchagua? Mimi ningeanza na ile isiyompendeza muuzaji: kusafisha chujio la hewa, kukagua plagi, kutazama kama mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka, na kuhakikisha boya la kabureta limekaa sawa. Kisha mwendeshaji aiulize injini yenyewe. Akiwa katika mwendo ambao humsumbua, injini ikiwa imekwisha kupata joto, na avute choki kidogo tu. Injini ikipata nguvu, ina njaa ya petroli. Ikizidi kukohoa, imeshiba kupita kiasi. Jaribio hilo halina gharama yoyote, nami sielewi kwa nini hufanywa kwa nadra namna hii.

Baada ya hapo ndipo jeti ibadilishwe, tena kwa jeti mpya yenye namba inayojulikana, hatua moja moja. Kama tatizo li katikati ya mwendo tu, si jeti kuu ya kulaumiwa bali sindano, ambayo klipu yake huweza kusogezwa kijino kimoja juu au chini. Na ieleweke kwamba nguvu iliyopotea kwa wepesi wa hewa hairudishwi yote na jeti yoyote. Anayebeba magunia mlimani kila siku huenda akafaidika zaidi kwa kuongeza meno ya sproketi ya nyuma.

Sisemi kwamba kuongeza petroli ni kosa daima. Vijana wanaong'oa kizuia sauti cha ekzosi na kutoboa kasha la chujio huingiza hewa zaidi, na injini zao huweza kuwa na njaa ya kweli. (Masikio ya majirani ni suala jingine.)

Kuna pia injeksheni. Kawasaki iliiweka katika Z1000-H1 mnamo 1980, na tangu Aprili 2020 sheria ya India kuhusu moshi imeifanya kuwa jambo la kawaida katika pikipiki mpya za huko. Mfumo huo hupima hewa na kujirekebisha wenyewe mtu apandapo au ashukapo. Lakini kuihamishia injeksheni kwenye pikipiki ya kabureta hudai pampu, vihisi, kompyuta na fundi wa kuielewa. Kwa anayelipa mkopo kila jioni, huo ni mzigo usiolingana na faida. Na aliye nayo tayari asikimbilie visanduku vya kuongeza petroli, maana kompyuta yenye kihisi cha oksijeni huweza kuiondoa nyongeza hiyo katika mwendo wa kawaida.

Kabureta kuukuu haikosekani katika gereji za miji yetu. Mwalimu na aombe moja, aifungue mbele ya darasa, na wanafunzi wakokotoe ni namba gani ya jeti ingefaa Nyahururu ikiwa namba 100 inafaa Malindi.