Dipoziti ndiyo bajeti ya rangi Kayole

Mwisho wa mwezi ndio msimu wa fundi wa rangi mtaani Kayole, Nairobi. Mpangaji anahama, mwenye ploti anamkata dipoziti, fundi anaitwa, na chumba kinatakiwa kiwe tayari kabla mgeni hajashusha godoro. Hela hiyo ya dipoziti ndiyo inayoendesha kazi hii. Ndiyo pia inayoiharibu.

Viwanja vingi vya hapa viligawanywa miaka ya 1980 katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: watu walipewa ploti zenye huduma za msingi, wakajijengea. Plasta ya wakati huo sasa imezeeka.

Angalia ukuta wa korido. Chini, hadi usawa wa kifua, rangi ya mafuta ya kahawia au kijani, juu, krimu. Rangi ya mafuta hufutika uchafu kwa kitambaa, kwa hiyo wenye ploti wanaipenda. Lakini haipumui. Penye msingi usio na kizuizi cha unyevu, maji hupanda ukutani na kunaswa nyuma ya rangi hiyo. Chumvi hutoka kama unga mweupe, rangi inafura malengelenge, na ukigonga plasta inalia utupu.

Dawa yake fundi anaijua: kuziba chanzo cha maji, kubandua plasta iliyoachana na mawe, kupiga nyingine, kuiacha ikauke kama wiki nne, kisha filla, msasa, andakoti, ndipo rangi. Sasa piga hesabu. Wiki nne bila mpangaji ni kodi ya mwezi mzima, na dipoziti kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Mwenye ploti hangojei. Fundi naye analipwa kwa chumba, si kwa siku. Kila saa ya kukwangua ni hasara yake. Basi anapaka filla juu ya unyevu na kuizimua rangi ya mkebe wa lita 4 ili itoshe.

Kuna hatari nyingine. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni katika rangi, lakini rangi kuukuu ya mafuta huenda ilipakwa kabla ya kiwango hicho, ikawa na risasi zaidi. Ukuta kama huo usipigwe msasa mkavu. Ulowanishwe kwanza, watoto wakiwa mbali.

Mwenye ploti, lipia kukwangua kando na kupaka. Mpangaji, piga picha za kuta siku ya kuingia.