Umepata kazi yenye amani, mbona mwili bado una hofu?

Kazi inayoumiza ina sura nyingi hapa Mwanza. Inaweza kuwa kusimama kutwa kwenye meza ya minofu ya sangara bila kujua kama kesho utaitwa tena getini. Inaweza kuwa duka ambalo kila hasara inakatwa kwenye mshahara wako, au ofisi ambayo bosi anakufokea mbele ya wateja. Mama anayeondoka huko na kupata kazi yenye heshima hutarajia kupumua mara moja. Badala yake, wiki za mwanzo anakosa usingizi, anaumwa kichwa na anashtuka kila akiitwa na msimamizi.

Kama hali hii inakupata wewe au mtu unayeishi naye, haina maana kwamba huna shukrani au kwamba kazi mpya imekushinda. Mwili unachelewa kuamini kwamba hatari imekwisha.

Kwa nini inatokea?

Mtu akiwa hatarini, mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza na usingizi huwa mwepesi. Ni kinga nzuri kwa muda mfupi. Lakini ukiishi hivyo kwa miezi au miaka, ubongo hujifunza kwamba simu ya bosi ni hatari, na hata ukimya wake ni hatari. Kubadili mwajiri hakufuti somo hilo kwa siku moja. Ubongo unahitaji kuona mara nyingi kwamba umekosea na hukutukanwa, umeomba ruhusa na hukukatwa mshahara.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya kuchoshwa kupita kiasi na kazi kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri. Shirika hilo haliihesabu kuwa ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa.

Dalili unazoweza kuziona

- Kuomba msamaha kwa kila jambo, hata pasipo kosa.
- Kuogopa kwenda kula au kwenda chooni wakati wa kazi.
- Kuficha kosa dogo hadi linakuwa kubwa.
- Kudhani wema wa bosi una mtego ndani yake.
- Kutamani kuacha kazi kabla "hawajakufukuza".

Hiyo ya mwisho ina gharama kubwa. Wapo wanaoacha kazi nzuri kwa sababu ya hofu waliyokuja nayo kutoka kazi ya zamani. Usifanye uamuzi huo siku uliyoshtuka. Subiri, zungumza na mtu unayemwamini, kisha uangalie: je, kuna jambo baya lililotokea hapa, au nimekumbuka la kule?

Nyumbani na watoto

Mara nyingi hasira iliyozuiliwa kazini hutokea nyumbani. Mtoto anamwaga uji, mama anafoka kama alivyofokewa yeye. Mtoto mdogo hajui habari za kazi. Hudhani amesababisha yeye. Mwambie kwa maneno mepesi: "Mama amechoka, siyo kosa lako." Ukirudi nyumbani, kaa dakika chache, nawa uso, vua nguo za kazi, ndipo uanze shughuli.

Kwa anayenyonyesha, wasiwasi unaweza kuchelewesha maziwa kutoka, kwa sababu unazuia kwa muda homoni ya oksitosini inayoyasukuma. Maziwa hayaharibiki kwa huzuni ya mama. Endelea kunyonyesha: keti mahali tulivu, mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi na uvute pumzi taratibu.

Jua lipi ni haki

Aliyezoea kunyanyaswa huona kila nafuu ni hisani, akaogopa kuitumia. Kwa waajiriwa wengi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema hivi:

- Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki.
- Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo hupewa mapumziko ya saa 1.
- Mama anayenyonyesha huruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto.
- Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Kumbuka kwamba kwa kawaida likizo zenye malipo ni za aliyetimiza miezi sita kazini. Kama kazi ya zamani ulifukuzwa kwa dhuluma, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, hupokea malalamiko ndani ya siku 30.

Mambo ya kujizoesha

1. Uliza mapema: "Nikikosea, nimwambie nani?" Jibu lililo wazi hupunguza hofu.
2. Toa taarifa ya kosa dogo siku hiyohiyo, kisha angalia kinachotokea. Hivyo ndivyo ubongo unavyojifunza upya.
3. Tumia muda wako wa chakula wote.
4. Lala na kuamka saa zilezile. Kama unaweza, tembea kwa miguu sehemu ya njia kabla ya kupanda daladala.
5. Mweleze mwenzako, dada au mama mmoja wa kikundi chenu unachopitia.

Lini uende kituo cha afya?

Nenda kama kwa wiki mbili au zaidi unakosa usingizi, huli, unalia mara kwa mara, au huna hamu ya kumhudumia mtoto. Ikiwa umejifungua karibuni, mwambie muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wanaweza kukuelekeza Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure au Bugando.

Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri na usibaki peke yako. Mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kwa walio wengi, hofu hupungua kidogo kidogo. Utaigundua siku ambayo msimamizi amekuita, ukaenda, na moyo haukudunda.